Pointi za Ndege kwa Kadi ya Mkopo, bila Kulala na Deni

Kabla ya kuchukua kadi yoyote ya mkopo inayokupa pointi za kupatia tiketi ya ndege kila unapolipa nayo, keti na matumizi ya nyumbani ya miezi mitatu. Hapa Mombasa sehemu kubwa haitapita kwenye kadi: mboga za Kongowea, tuktuk, fundi wa bomba, hao wote ni M-Pesa au taslimu. Zinabaki supamaketi, petroli, dawa, pengine karo. Jumlisha hizo peke yake, usiongeze hata kitu kimoja ulichokitamani kwa sababu ya pointi. Mimi natunza hesabu katika afisi ya klia, yaani wakala wa kutoa mizigo bandarini, na ndugu zangu wakiniuliza wachukue kadi gani, naanzia hapo. Ada ya mwaka ikizidi thamani ya pointi utakazopata, kadi hiyo iache.

Sasa tarehe, na hapa ndipo nataka usome polepole. Tuseme benki hufunga hesabu ya kadi yako tarehe 25, na siku ya mwisho ya kulipa ni tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Ukijaza petroli Aprili 24, utailipa kufikia Mei 15. Ukijaza Aprili 26, inaingia hesabu ya Mei, unailipa kufikia Juni 15. Manunuzi makubwa yapange baada ya kufunga hesabu, lakini pesa zake ziwe tayari unazo.

Kisha iagize benki ikate deni lote kila mwezi, si kile kiwango cha chini inachokubali ulipe. Dawa ya deni kulipa. Chukua mfano wa kadi ya riba ya 3.5% kwa mwezi, inayotoa pointi moja kwa kila shilingi 100. Deni la shilingi 40,000 limekupa pointi 400. Hata pointi ikiwa na thamani ya shilingi nzima, umepata 400, na riba ya mwezi mmoja ni 1,400. Na usitoe pesa kwa ATM kwa kadi hiyo: kwa kawaida ada na riba huanza siku ileile.

Wengi wetu huku pwani tunaogopa riba. Mkataba wa kadi ya kawaida huwa na kifungu cha riba, hata kama wewe hukatwi riba kwa kuwa unalipa kwa wakati, basi mwulize shekhe wako kabla hujatia sahihi.

Mpango wa pointi uchague kwa ndege utakazopanda kweli. Anayepitia Nairobi na Kenya Airways atafaidika na mpango wake, Asante Rewards. Anayepitia Addis Ababa, ShebaMiles ya Ethiopian. Ukijiandikisha, jina lako liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti. Uliza pia pointi zinakufa baada ya muda gani.

Tiketi ya pointi si ya bure, kodi na tozo za uwanja unalipa mwenyewe. Kwa hivyo toa tozo hizo kwenye nauli ya kawaida, gawa kinachobaki kwa idadi ya pointi wanazotaka, ndiyo thamani ya kila moja. Kwa Mombasa hadi Nairobi linganisha pia na treni ya Miritini. Mara nyingi naona heri kupanda treni na kuziweka pointi kwa safari ndefu. Za Desemba na za Idi zitafute miezi kadhaa mbele, na ukikosa kiti Ijumaa, jaribu Jumanne au Jumatano.