SOMO: Maktaba ya chuo na akili mnemba, bila kuingiza marejeo hewa kwenye utafiti

Wakuu, hili ni kwa anayeandika pendekezo la utafiti au tasnifu. Sharti langu ni moja: akili mnemba (AI) ikusaidie kutafuta na kuelewa, ila chanzo ukifungue na kukisoma wewe mwenyewe kabla hakijaingia kwenye marejeo.

Hatua ya 1: Ingilia mlango wa maktaba
Wengi huanzia Google, wakifika kwenye makala wanaambiwa walipie, wanaishia hapo. Kumbe mara nyingi chuo kimeshalipa. Fungua ukurasa wa maktaba, weka namba ya usajili na nywila, ndipo uingie JSTOR, EBSCO au kanzidata nyingine, yaani hazina za makala za mtandaoni. Hata ukiwa nyumbani pitia hapo hapo, maana ukienda moja kwa moja kwenye tovuti ya jarida huenda isikutambue. Google Scholar nayo, ile Google ya kutafutia makala za kitaaluma, kwenye mipangilio yake, ina sehemu ya kuongeza maktaba yako.

Hatua ya 2: Vunja mada
Usiandike swali zima kwenye kanzidata. Tuseme mada ni athari za simu kwa usingizi wa wanafunzi. Ina vipande vitatu. Iambie akili mnemba: "Nipe maneno ambayo watafiti hutumia kwa kila kipande, Kiswahili na Kiingereza. Usinitajie makala yoyote." Usiisahau hiyo sentensi ya mwisho.

Kisha nenda kwenye utafutaji wa kina, kila kipande na mstari wake:

simu OR simujanja
usingizi OR kulala
mwanafunzi OR wanafunzi

Mistari iunganishe kwa AND. OR hupanua, AND hubana. Alama ya nyota (*) wanayoisifia kwenye miongozo hukamata miishio ya maneno, na Kiswahili chetu hubadilika mwanzoni, kwa hiyo umoja na wingi andika vyote.

Hatua ya 3: Fuata nyayo
Ukipata makala moja nzuri, marejeo yake yatakupeleka nyuma, na orodha ya walioinukuu itakuleta mbele.

Hatua ya 4: Hakiki kila rejeo
Hapa ndipo watu wanapoumia. Mashine hutabiri maneno yanayoelekea kufuatana, kwa hiyo inaweza kukupa mwandishi wa kweli, jarida la kweli, na makala ambayo haijawahi kuandikwa. Mwaka 2023 mahakama moja ya New York iliwatoza mawakili wawili na kampuni yao faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha kesi zilizotungwa na ChatGPT. Mmoja wao aliiuliza ChatGPT yenyewe kama kesi ni za kweli, ikamhakikishia kuwa ni za kweli! Basi usimfanye mtuhumiwa kuwa shahidi wake.

Chukua DOI, ile namba ya utambulisho wa makala inayoanza na 10, ibandike baada ya doi.org/ kwenye kivinjari. Ikifunguka usishangilie bado, kwani inaweza kuwa DOI halali ya makala nyingine kabisa. Linganisha kichwa, waandishi, mwaka, juzuu na kurasa. Kama haina DOI, tafuta kichwa kizima ndani ya alama za kunukuu kwenye katalogi ya maktaba. Halafu itafute hoja yenyewe ndani ya makala na uandike namba ya ukurasa papo hapo.

Hatua ya 5: Hifadhi
Zotero, programu ya kutunzia marejeo, ni ya bure na inatosha. Kagua tu majina ya waandishi, wakati mwingine huyageuza.

MASWALI

Mkuu, nikiipakia PDF inifanyie muhtasari, si inatosha?
Inatosha kuamua kama makala inafaa kusomwa. Kunukuu, hapana. Mtafiti kaandika "huenda", muhtasari unakuja na "imethibitika". Pia mikataba ya baadhi ya kanzidata hairuhusu kupakia makala zao kwingine, muulize mkutubi. Na mahojiano ya watu uliowaahidi usiri usiyapakie kabisa.

Msimamizi akiuliza kama nimetumia AI, nikane?
Usikane, dada. Soma kwanza mwongozo wa chuo, kuna wanaoruhusu na wanaokataza. Tunza kumbukumbu: zana gani, tarehe gani, uliiuliza nini. Ukiruhusiwa, eleza kwenye sura ya mbinu.

Je, kama chuo hakijalipia makala ninayoitaka?
Bonyeza sehemu ya matoleo yote kwenye Google Scholar, huenda mwandishi kaweka nakala ya bure. Ikishindikana, muombe mkutubi akuazimie kutoka maktaba nyingine. Huku ukisubiri, mwandikie mwandishi barua pepe fupi, anwani huwa kwenye ukurasa wa kwanza. Mtaje makala gani na unaihitaji kwa kazi gani, asije akadhani ni matangazo.