Mikono ya Lady Macbeth: namna ya kumchambua mhusika wa tanzia kwa kauli mbili

Swali likitaka ueleze mhusika wa tanzia (tamthilia yenye mwisho wa huzuni) anavyobadilika, usikimbilie sifa: katili, mwenye tamaa, mwoga. Tafuta kauli zake mbili zinazogusa kitu kilekile, moja ya mwanzoni na nyingine karibu na mwisho, uzisome pamoja.

Katika Macbeth ya Shakespeare, kitu hicho ni mikono yenye damu. Tendo la 2, onyesho la 2, Macbeth na mkewe, Lady Macbeth, wameshatekeleza njama ya kumuua mfalme Duncan. Macbeth anaitazama mikono yake, anauliza kama bahari nzima itaisafisha. Mkewe anasema maji kidogo tu yatawatakasa. Tendo la 5, onyesho la 1, mke huyohuyo anatembea usingizini, anasugua mikono, analalamika kwamba bado inanuka damu: manukato yote ya Uarabuni hayawezi kuufanya mkono huu mdogo unukie.

Sasa uliza: anamwambia nani, na anataka nini? Kauli ya kwanza anamwambia mume aliyeduwaa, huku lango likigongwa. Anataka wanawe mikono, wajifanye walikuwa wamelala. Wengi huinukuu kama imani yake kuhusu dhambi, ilhali ni maneno ya mtu mwenye haraka. Kauli ya pili haina wa kuambiwa. Daktari na mjakazi wanasikiliza, lakini yeye hana habari nao.

Halafu angalia neno lililorudi. Ni hilo "-dogo": kwanza maji ndiyo madogo mbele ya kosa, mwishoni mkono ndio mdogo na manukato ya nchi nzima hayautoshi. Ukisoma tafsiri, hakikisha mfasiri hakulipoteza neno hilo. Angalia na umbo pia: alikuwa akisema kishairi, usingizini anasema kwa nathari iliyokatika-katika.

Hapo ndipo utamu ulipo. Ile hofu kwamba hata bahari haitoshi ilikuwa ya mume, imehamia kwa mke. Mume naye, onyesho la 5 la tendo hilohilo, anasikia wanawake wakilia na kusema karibu amesahau ladha ya woga. Wamebadilishana nafasi, na hakuna aliyetangaza hivyo jukwaani.

Katika insha, sentensi moja ya muktadha inatosha, kisha nukuu isiyozidi maneno kumi, kisha sentensi tatu au nne juu ya maneno yenyewe. Nukuu ndefu humponza mwandishi: anaishia kusimulia kisa.

Kosa lingine ni kuamini kila anachosema mhusika juu ya mwenzake. Mwishoni Malcolm, mwana wa Duncan, anawaita wawili hao mchinjaji na malkia aliye kama shetani. Huyo ni mshindi anayetwaa kiti cha baba yake, na hakuwapo usiku ule wa kutembea usingizini. Kauli hiyo iweke kwenye aya ya Malcolm.