SOMO: Umetolewa diski kwa tundu dogo na unarudi nyumbani? Soma hapa kabla ya kuja inboksi

Wakuu, habari za mchana. Tangu niseme humu kwamba nilipasuliwa mgongo kwa endoskopi, inboksi yangu imegeuka dirisha la mapokezi. Swali ni moja tu: "Kaka, nikishatoka wodini nifanyeje?" Naandika mara moja, atakayerudia nitamtumia linki. Mimi si daktari, ni seremala niliyepasuliwa mara mbili sehemu ile ile. Hiyo ya pili nilijitakia.

Kilichofanyika ni hiki. Kati ya pingili na pingili kuna diski: nje ganda la nyuzi ngumu, ndani ute mzito. Ganda likichanika, ute unatokeza na kubana mshipa wa fahamu, moto unashuka kutoka kalioni hadi kwenye kidole cha mguu. Mara nyingi ni diski mbili za mwisho huko chini kiunoni, ambazo kwenye karatasi huandikwa L4/L5 au L5/S1. Daktari anapitisha bomba jembamba lenye kamera, maji ya chumvi yakitiririka muda wote ili aone, halafu anachomoa kipande kilichotokeza. Kidonda hakifiki hata sentimita moja. Wengine hupewa nusu kaputi; mimi nilichomwa ganzi na dawa ya kusinzia, nikawa namjibu daktari mguu unasikiaje.

1. Ukiruhusiwa kusimama, simama. Tembea kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku.

2. Kuamka kitandani: geuka ubavu mzima kama gogo, shusha miguu, jisukume kwa mkono.

3. Kidonda kiwe kikavu. Homa, usaha au majimaji yakitoka, rudi hospitali.

4. Choo. Dawa kali za maumivu hufunga tumbo, na kujikamua kunaikandamiza diski. Kunywa maji, kula papai, omba dawa ya kulainisha mapema. Choo cha kuchuchumaa, wekea kiti chenye tundu.

5. USIINAME, USIBEBE, USIJIPINDE. Hapa ndipo nilipoharibu. Siku ya 12 mguu hauumi, plasta imetoka, kovu dogo kama nimeng'atwa na siafu. Nikaanza kujiona tapeli, watu wananipikia uji wa mgonjwa na mimi mzima. Maji ya mgao yakatoka baada ya siku tatu, mke wangu yuko sokoni, ndoo ya lita 20 imejaa pale bombani. Nikainama, nikainyanyua, nikageuka kuimimina kwenye pipa. Sikusikia maumivu, nilisikia tu kitu kama uzi unakatika. Baada ya saa mbili moto ulikuwa umerudi kwenye kidole kile kile.

Lita 20 za maji ni kilo 20, na kujipinda ukiwa nazo ni kulikamua lile ganda. Daktari anatoa kipande, ganda kwa kawaida hashoni. Ngozi inafunga kwa siku chache, tobo la ndani linataka wiki nyingi. Karatasi yangu iliandika wiki sita, yako ina idadi yake, ifuate hiyo. Na kubeba si ndoo tu: ni mtoto anayelia, mtungi wa gesi, beseni la nguo, ufagio mfupi wa chelewa, na kuinua godoro kuchomekea chandarua. Hili la chandarua hakuna aliyeniambia.

6. Usikae kitako zaidi ya nusu saa bila kusimama.

7. Nenda fiziotherapia siku uliyopangiwa. Usiige mazoezi ya video.

ONYO: mkojo ukikataa kutoka au ukitoka wenyewe, ganzi ikishika makalio na sehemu za siri, au miguu yote ikilegea, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.

MASWALI

LoriLaUsiku: Sijasoma yote mkuu. Ndoo ya lita 10 je?
Jibu: Namba 5.

LoriLaUsiku: Nimeuliza ya lita 10, si 20.
Jibu: Namba 5, na karatasi yako ya hospitali.

MamaPacha: Kaka, kwa nini wasilishone hilo ganda wakiwa humo humo?
Jibu: Swali zuri dada, hata mimi nilimuuliza daktari. Njia ni finyu, na nyuzi zenyewe hazishiki kama ngozi. Vipo vifaa vya kuziba tobo kwa baadhi ya wagonjwa, ila si kawaida ya kila upasuaji. Tatizo jingine, diski ya mtu mzima karibu haina mishipa ya damu. Chakula chake kinapenya polepole kutoka kwenye pingili, hivyo kupona nako ni polepole. Ndiyo maana sigara inaiumiza. Mimi niliacha.

Kidume_Mtaani: Shemeji alikandwa na mzee akapona. Nyie mnapenda visu.
Jibu: Maumivu ya namna hii kwa wengi hutulia yenyewe ndani ya wiki kadhaa, akandwe asikandwe. Hili somo ni la waliokwisha kupasuliwa. Sikumwita mtu kisuni.

MwalimuMstaafu: MRI yangu imeandika diski zimechakaa. Nina miaka 63, maumivu ni ya kuja na kuondoka. Nikapasuliwe?
Jibu: Shikamoo mwalimu. Picha peke yake haitoshi. Mapitio ya tafiti ya mwaka 2015 yaliangalia watu wasioumwa mgongo kabisa: wa miaka 20, asilimia 37 walikuwa na diski zilizochakaa, wa miaka 80, asilimia 96. Mwulize daktari kama kinachoonekana kwenye picha kinalingana na mguu unapoumia.

Ummu_Z: Na sijda ulifanyaje?
Jibu: Nilisali kitini, rukuu na sijda kwa ishara ya kichwa.

MamaPacha: Chandarua nimepata dawa: nunua la duara la kuning'inia, refu, liache liburuzike sakafuni.
Jibu: Hilo sikuliwaza. Asante.

Ummu_Z: Vipimo vya kile kiti cha choo tafadhali.
Jibu: Urefu ni kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti la mgonjwa, usikadirie, pima. Miguu itanue kidogo kwa nje isije kupinduka. Tundu lipige msasa mpaka mkono usikwaruzwe, paka vanishi mara mbili, na kila mguu uvalishe kipande cha mpira wa tairi.