Somo: Kusasisha kiendelezi cha kuandikia blogu bila kupoteza rasimu zako

Ndugu zangu wa kikundi, wiki hii nimepigiwa simu na watu wanne, kuanzia Tukuyu hadi Makambako, kwa jambo lile lile. Kiendelezi chao cha kuandikia blogu kimeleta taarifa ya toleo jipya, wamebofya, na sasa ama hakifunguki au kinakataa neno la siri. Mmoja wao alikuwa ameshakiondoa kabisa ili aweke kipya kisafi. Kwa huyo nilichelewa, na jibu lake nimeliweka mwisho wa somo.

Kwa waliojiunga karibuni: kiendelezi ni programu ndogo inayokaa ndani ya kivinjari, kama Chrome au Firefox. Hiki cha kuandikia kinakupa ukurasa mweupe, unaandika hata mtandao ukiwa haupo, na ukirudi unabofya Chapisha, posti inakwenda WordPress au Blogger, mitambo inayobeba blogu zetu, bila kufungua dashibodi (ukurasa wa kuiendeshea blogu) nzima inayokula bando. Sisi wa huku juu tunakipenda kwa sababu hiyo. Mtu anayeandika akiwa Matamba, au upande wa nyuma wa Mlima Rungwe, anajua mtandao unavyokuja na kuondoka kama ukungu wa Juni.

Wengi mmeniuliza kwa nini wasiache tu toleo la zamani lililozoeleka. Ni kwa sababu kiendelezi kinasimama katikati ya milango miwili, mlango wa kivinjari na mlango wa blogu, na yote miwili hubadilishwa vitasa. ScribeFire, mojawapo ya vya zamani, ilianza ndani ya Firefox. Novemba 2017 Firefox 57 ikaacha kupokea viendelezi vyote vya muundo wa kale, vikalazimika kuandikwa upya. Kuanzia mwaka 2024 Chrome nayo ikaanza kuzima vile vilivyojengwa kwa Manifest V2, yaani kanuni zake za zamani za kujengea viendelezi. Upande wa blogu, Google ilifunga mwaka 2015 njia ya zamani ya kuingia kwa kutuma neno la siri moja kwa moja, na programu nyingi za kuandikia Blogger zikakwama siku hiyo hiyo. Kwa hiyo ukiona toleo jipya, mara nyingi ni funguo mpya. Lichukue, lakini kwa utaratibu huu.

Hatua ya 1: Toa maandishi yako nje kwanza

Hapa ndipo nitakapokaa muda mrefu.

Rasimu ambayo hujaituma haiko kwenye blogu yako, wala haiko kwenye akaunti yako ya Google. Iko katika hifadhi ya kiendelezi, ndani ya kivinjari, ndani ya kompyuta hiyo hiyo uliyoandikia. Ukikiondoa kiendelezi, kivinjari kinafuta hifadhi yake pamoja nacho. Ukikiweka upya baada ya dakika moja, unakuta ukurasa mtupu kama wa mgeni.

Mimi niliyajua haya kwa maumivu. Nilikuwa na rasimu kumi na moja kuhusu viazi mviringo, nilizoziandika msimu mzima nikizunguka na wakulima wa Uyole na Igawilo: namna ya kutambua baka chelewa jani likiwa bado na doa dogo, lini kupulizia dawa mvua isipokatika, mbegu ya kuchagua. Kiendelezi kikaanza kusumbua, nikakiondoa na kukirudisha. Zote zikaenda. Mazungumzo yale na wazee sikuweza kuyarudia neno kwa neno, na mmoja wao ametangulia mbele za haki tangu hapo. Ndiyo maana nawasihi hatua hii msiiruke hata kama mna haraka.

Fungua rasimu moja baada ya nyingine. Kama mtandao upo, itume kwenye blogu ukichagua ihifadhiwe kama rasimu, isichapishwe. Kisha fanya na njia ya pili: badilisha mwonekano uende kwenye msimbo (HTML), nakili yote, ubandike kwenye faili la maandishi tupu na ulihifadhi kwenye flashi. Ukinakili kutoka mwonekano wa msimbo, viungo na vichwa vidogo vinabaki. Ukinakili mwonekano wa kawaida kwenda Word, unabeba takataka za fonti na rangi ambazo zitakusumbua siku ya kurudisha. Picha hazibebwi na maandishi, kwa hiyo ziweke kwenye folda moja na faili lake, zikiwa na majina yanayoeleweka.

Njia mbili kwa rasimu moja inaonekana kazi nyingi. Kwa rasimu kumi ni kama nusu saa, na umeme ukikatika katikati unakuwa na kitu mkononi.

Hatua ya 2: Andika mipangilio

Kwenye daftari: anwani kamili ya blogu, jina la mtumiaji, kategoria unazotumia. Maneno ya siri usiyaandike hapo.

Hatua ya 3: Sasisha, usiondoe

Funga kwanza kichupo cha kuandikia. Mara nyingi toleo jipya limeshashuka ila linangoja kiendelezi kitulie ndipo liingie. Chrome hukagua yenyewe kila baada ya saa chache, Firefox karibu mara moja kwa siku.

Ukitaka kukiharakisha kwenye Chrome, andika chrome://extensions kwenye sehemu ya anwani, washa Hali ya wasanidi programu juu upande wa kulia, kitatokea kitufe cha Sasisha. Kwenye Firefox andika about:addons, bofya alama ya gia, uagize ikague matoleo mapya.

Sasa jambo linalowashtua wengi. Toleo jipya likiomba ruhusa zaidi ya za mwanzo, Chrome inakizima kiendelezi mpaka ukubali. Firefox yenyewe inakuacha na toleo la zamani mpaka uamue. Usibofye Kubali huku unaongea na simu. Soma. Kiendelezi cha kuandikia kina haki ya kufikia tovuti ya blogu yako. Kikiomba kusoma na kubadilisha data kwenye tovuti zote, hapo uliza ni cha nini. Kwenye Chrome unaweza kukibana: fungua maelezo yake, na kwenye ufikiaji wa tovuti chagua tovuti mahususi, uweke ya blogu yako peke yake.

Siwatishi bure. Viendelezi huuzwa, na mmiliki mpya anaweza kuingiza mambo yake kupitia sasisho lile lile mnalolisubiri. The Great Suspender, kilichopendwa sana kwa kupumzisha vichupo, kiliuzwa mwaka 2020, na Februari 2021 Google ikakiondoa dukani na kukizima kwa watumiaji kwa kuwa na programu hasidi. Kila jina la mwenye kiendelezi likibadilika, mimi husimama kwanza na kuuliza.

Hatua ya 4: Unganisha blogu upya

Hapa njia zinaachana.

Wenye Blogger: kiendelezi cha kisasa hakitakuuliza neno la siri. Kitafungua dirisha la Google lenyewe, utaingia huko, utakubali, na dirisha litajifunga. Kikikuomba uandike neno la siri la Google ndani ya ukurasa wake, acha hapo hapo.

Wenye WordPress iliyo kwenye seva ya kulipia: tangu toleo la 5.6, Desemba 2020, WordPress ina maneno ya siri ya programu. Ingia kwenye dashibodi, fungua wasifu wako, shuka chini hadi sehemu hiyo, andika jina litakalokukumbusha, mfano "laptopu ya nyumbani", ubofye kuongeza. Utapewa herufi na tarakimu 24 zilizopangwa nne nne. Zinaonyeshwa mara moja tu, basi zinakili papo hapo uzibandike kwenye kiendelezi. Nafasi kati yake hazina madhara. Sehemu hiyo isipoonekana, angalia kwanza kama anwani ya blogu yako inaanza na https.

Faida yake naiona kubwa: laptopu ikiibwa stendi, unafuta neno hilo moja tu kwenye wasifu, na neno lako kuu halijaguswa.

Hatua ya 5: Tuma jaribio

Andika posti fupi yenye kiungo kimoja, picha moja, na neno ng'ombe. Narudia, ng'ombe. Vihariri vingine vinaigeuza alama ya ng' kuwa alama ya nukuu ya kupinda, na neno likatokea limevunjika. Lugha yetu ina ng'ombe, ng'ambo na kung'oa viazi, lazima kiendelezi kiziheshimu. Ikiharibika, tafuta kwenye mipangilio sehemu ya nukuu za kupinda uizime. Itume kama rasimu, kisha ikague kwenye dashibodi.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Iringa:* Kamwene, mwalimu. Alama ya kiendelezi changu imepotea kabisa juu ya Chrome. Nimefutiwa?

Kamwene. Usiweke kingine kwanza. Fungua chrome://extensions uone kama bado kipo kikiwa kimezimwa. Kama kimezimwa kwa sababu ya ruhusa, soma na ukubali, rasimu zako zitakuwepo. Kama kimeandikwa hakitumiki tena, ni yale ya Manifest V2, na hapo tafuta kama mtengenezaji wake ametoa toleo jipya la kiendelezi hicho hicho. Usibofye Ondoa kabla ya kujua. Na kama alama imefichwa tu, bofya kile kialama cha kipande cha fumbo karibu na anwani, ukibandike juu tena.

*Dada wa Tukuyu:* Neno la siri la programu nimeweka sawasawa, WordPress bado inakataa. Ndaga fijo kwa somo.

Ndaga, dada. Jaribu hivi: andika anwani ya blogu yako ukimalizia na /xmlrpc.php uifungue; huo ndio mlango wa zamani ambao programu za nje hupitia kutuma posti WordPress. Ukiona sentensi fupi ya Kiingereza inayosema seva inapokea maombi ya POST pekee, mlango uko wazi na kosa liko kwenye jina la mtumiaji au neno. Ukiona umekatazwa, mwenye seva au plagini ya ulinzi imeufunga. Wana sababu, maana wadukuzi huutumia kubahatisha maneno ya siri kwa wingi. Usiwalazimishe waufungue. Angalia kama kiendelezi chako kinaweza kutumia REST API, mlango mpya wa kazi hiyo hiyo ambao WordPress inao tangu toleo la 4.7 la mwaka 2016, uuchague huo.

*Mama wa Njombe:* Mwalimu, shikamoo. Maandishi yanafika Blogger, picha hazifiki.

Nyinyi ndio wa kuamkiwa, mama, shikamoo. Kosa si lako. Mlango ambao Blogger imewapa watengenezaji hauna sehemu ya kupokea picha. Zamani programu zilipitisha picha kwenye Picasa, hifadhi ya picha ya Google, na njia hiyo Google iliifunga mwaka 2019. Tuma maandishi kama rasimu, kisha fungua rasimu hiyo ndani ya Blogger uweke picha huko. Zipunguze ukubwa kwanza, bando lisiteketee.

*Mwanachama wa Vwawa:* Nilipanga posti ya bei za mahindi itoke saa 2 usiku. Imetoka saa 8 usiku, watu wamelala.

Uliandika 2:00, na kompyuta inaanza kuhesabu usiku wa manane. Kwake 2:00 ni saa 8 yetu ya usiku. Saa 2 usiku andika 20:00, saa 2 asubuhi andika 08:00. Ukishaandika hivyo na bado ikapishana saa tatu kamili, basi ni ukanda wa saa: weka UTC+3, yaani saa ya Afrika Mashariki, kwenye mipangilio ya blogu, na ukague kiendelezi pia. Toleo jipya wakati mwingine linaurudisha kwenye UTC bila kukuuliza.

*Kijana wa Mafinga:* Mimi nina simu tu. Nafanyaje?

Chrome ya simu za Android haipokei viendelezi. Firefox ya Android inavipokea, na tangu Desemba 2023 iliwafungulia watengenezaji wote. Lakini kuandika posti ndefu kwa kiendelezi ndani ya simu mimi sikushauri. Tumia programu ya WordPress yenyewe, au andika kwenye programu ya madokezo ya simu kisha ubandike.

*Mwanachama wa Makambako:* Mimi ndiye niliyekiondoa. Zilikuwa rasimu sita za historia ya kijiji chetu. Zinarudi?

Pole sana, ndugu yangu. Kwenye kompyuta hiyo, kama hukuwa na nakala ya folda ya wasifu wa kivinjari iliyohifadhiwa kabla ya siku ile, sina njia ya kukuahidi. Lakini kabla hujakata tamaa pita hapa: fungua dashibodi ya blogu uangalie rasimu na takataka, huenda moja au mbili uliwahi kuzituma. Angalia barua pepe na WhatsApp, watu wengi humtumia mtu kipande akisome. Uliniambia uliwahi kutumia kompyuta ya dada yako pia. Kama kiendelezi bado kipo pale, usiiwashe kwenye mtandao. Ilete Mbeya Jumamosi ilivyo, tukutane Mwanjelwa saa 4 asubuhi, nitakuja na flashi.