Namna ya Kupata Spea ya Gari Dogo kwa Kuwajua Ndugu Zake

Mwenye Toyota Passo aliyeko Wete anapoambiwa na fundi wake kwamba koili moja, yaani kile kifaa kinachoipa plagi moto, imekufa, hupiga simu Unguja, na suali la kwanza analoulizwa dukani ni la jina la gari. Akijibu "Passo", huenda akaambiwa kuwa imekwisha na asubiri mzigo mwengine, ilhali koili ileile imelala kwenye rafu ya duka hilohilo, ndani ya boksi lililoandikwa jina la gari jengine. Muuzaji hakumdanganya, amejibu alichoulizwa. Kasoro imo katika namna ya kuuliza, na mwongozo huu unaeleza jinsi ya kuuliza vyengine.

Washindani wanaokula sinia moja

Kubuni injini mpya na kuifanyia majaribio ni gharama kubwa, na faida inayopatikana katika gari moja dogo ni ndogo, kwa hivyo makampuni yanayogombania mteja mmoja hukubaliana kugawana gharama hiyo kiwandani. Mfano ulio wazi ni kiwanda cha Kolín, katika Jamhuri ya Cheki, ambako Toyota na kundi la Peugeot na Citroën walianza mwaka 2005 kuunda magari matatu kwa pamoja: Toyota Aygo, Peugeot 107 na Citroën C1. Sura za mbele zilitofautiana, lakini chini yake gari lilikuwa moja, na injini yake ya petroli ya silinda tatu, 1KR-FE ya cc 996, ndiyo iliyomo katika Passo na Vitz nyingi zinazopita Darajani kila siku.

Kwa kuwa sisi huagiza zaidi magari yaliyokwishatumika Japani, undugu unaotuhusu ni wa huko. Passo, ijapokuwa inabeba alama ya Toyota, imeundwa na Daihatsu, ambayo yenyewe iliiuza kwa jina la Boon. Kabla yake kulikuwa na Toyota Duet iliyokuwa Daihatsu Storia, na Toyota Cami iliyokuwa Daihatsu Terios. Toyota ilikuwa na hisa nyingi za Daihatsu tangu 1998 na ikainunua yote mwaka 2016, hivyo mtu anaweza kusema kuwa hao si washindani wa kweli. Suzuki, kwa upande wake, huwaundia vigari vya mizigo washindani wake halisi, yaani Mazda, Nissan na Mitsubishi, na kila mmoja huviuza kwa jina lake.

Kupambanua undugu

Undugu huu si wa aina moja, na hapa ndipo watu wengi wanapopoteza fedha zao. Wako ndugu wa tumbo moja, kama Passo na Boon, wanaoshirikiana injini, chesisi, milango na karibu kila kitu isipokuwa alama, na pengine bampa, shoo na taa. Wako pia ndugu wa kunyonya, kama Passo na Vitz ya cc 996, walionyonya ziwa moja la injini lakini kila mmoja akazaliwa na mama yake: Passo ina chesisi ya Daihatsu, na Vitz ina chesisi ya Toyota. Sote tunajua kwamba ndugu wa kunyonya hawarithiani, na katika magari ni vivyo hivyo, kwani Vitz haimrithishi Passo shokapu wala stelingi.

Nililijifunza hilo kwa fedha yangu. Fundi aliniambia kuwa Passo yangu na Vitz "ni injini moja", jambo ambalo ni kweli kabisa, nami nikaenda Mwanakwerekwe nikanunua shokapu mbili za mbele za Vitz kwa kuwa za Passo hazikuwepo. Tulipozisimamisha kando ya zile kuukuu juu ya mkeka wa gereji, tuliona bila ya kupima kuwa kikombe cha kukalia springi kiko juu zaidi na matundu ya boliti za chini hayalingani. Fundi alizitazama kwa muda, akasema tu, "Hizi za wenyewe."

Kundi la tatu ni masomo, yaani magari yenye jina moja na wazazi mbalimbali, na haya ndiyo ya hatari zaidi kwa sababu jina humtuliza mnunuzi. Vitz tuliyoizoea ni ya Toyota yenyewe, lakini Vitz inayouzwa mpya Afrika Kusini tangu 2023 ni Suzuki Celerio iliyovishwa alama ya Toyota, na injini yake ni ya Suzuki. Vivyo hivyo Toyota Starlet iliyoanza kuuzwa huko mwaka 2020 ni Suzuki Baleno kutoka India, wala haina nasaba yoyote na Starlet za zamani.

Kusoma namba badala ya jina

Fungua boneti na utafute kibati cha utambulisho, ambacho mara nyingi hupigiliwa kwenye ukuta ulio nyuma ya injini. Kama hakipo hapo, tazama nguzo ya mlango wa mbele. Kifute kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, kwa sababu chumvi ya hewa yetu hukila, kisha ukipige picha. Herufi zinazotangulia kistari, kama DBA, zinahusu viwango vya moshi vya Japani na unaweza kuziacha. Zinazofuata ndizo nasaba ya gari, na hizo huandikwa pia, pamoja na namba ya injini, katika hati ya Japani inayokuja na gari.

Tuseme umesoma KGC10. Hiyo ni Passo ya kwanza yenye injini ya 1KR, na pacha wake wa Daihatsu ni Boon ya M300S. Ukisoma QNC10, ni Passo ya umbo lilelile lakini yenye injini ya K3-VE, cc 1297 na silinda nne, na pacha wake ni M301S. Vitz ya 1KR ya wakati huo husomeka KSP90. Linganisha KGC10 na KSP90: K ya mwanzo inafanana kwa sababu injini ni moja, na herufi zinazofuata zinatofautiana kwa sababu chesisi si moja. Laiti nami ningelitazama hilo kabla ya kwenda Mwanakwerekwe. Katika Passo za kuanzia mwaka 2016 mambo ni mepesi zaidi, kwani Toyota huandika M700A na Daihatsu M700S. Na Cami J100E ni Terios J100G. Herufi ya mwisho pekee ndiyo inayobadilika.

Wenye vigari vya mizigo, vile tunavyoviita kirikuu, wana bahati kubwa kuliko sote. Suzuki Every ya DA64V ni Mazda Scrum ya DG64V na ni Nissan Clipper ya DR64V. Suzuki Carry ya DA16T ni Scrum ya DG16T, Clipper ya DR16T na Minicab ya Mitsubishi ya DS16T. Herufi ya pili ndiyo inayotaja mwenye duka: A ni Suzuki, G ni Mazda, R ni Nissan, S ni Mitsubishi. Tahadhari iko kwenye Clipper, kwa sababu Nissan ilikuwa ikiipata kwa Mitsubishi hadi mwaka 2013, na ndipo ikahamia kwa Suzuki. Clipper inayosomeka U71 au U72 ni ya damu ya Mitsubishi, na spea za Suzuki haziihusu.

Spea ipi ifuate undugu upi

Kila kinachofungwa ndani ya injini au juu yake hufuata namba ya injini: plagi, koili, filta ya oili, gasketi, pampu ya maji, vali na cheni. Kwa hayo, mwenye Passo ya 1KR anaweza kuuliza ya Vitz, na akiwa na jamaa Ulaya anaweza hata kumwagizia ya Aygo au ya Peugeot 107, mradi alinganishe kabla ya kufunga. Kila kinachogusa barabara hufuata chesisi: shokapu, springi, bushi, boljointi, stelingi, beringi za matairi na breki. Bodi hufuata pacha wa tumbo moja tu, na hata hapo tazama taa na bampa kwa macho yako.

Vipo vitu vya mpakani vinavyowababaisha hata mafundi. Maunti hushika injini kwa mkono mmoja na chesisi kwa mwengine, kwa hivyo injini kuwa moja hakutoshi. K3-VE imelala kwa upana katika Passo na kwa urefu katika Cami, ambayo huendeshwa kwa magurudumu ya nyuma au kwa yote manne. Pistoni hazijui tofauti hiyo, lakini maunti na giaboksi haviingiliani kabisa. Kompyuta ya injini nayo isihamishwe kwa hoja ya undugu, kwa sababu nyaya zake na kinga ya ufunguo hufungamana na gari lake.

Vyengine havina haja ya nasaba hata kidogo. Mkanda ulioandikwa 4PK1100 una mistari minne na urefu wa milimita 1100, na hautaki kujua umefungwa kwenye gari gani. Beringi ya alternata yenye namba 6203 ina tundu la milimita 17, kipenyo cha nje cha 40 na unene wa 12, iwe imetoka kwenye gari, pampu ya kisima au mashine ya kufulia. Kwa vitu hivi nenda na namba tu.

Dukani

Chukua spea kuukuu mkononi, au ukiwa Pemba piga picha yake ikiwa imelazwa kando ya rula, pamoja na picha ya kibati. Muuzaji akisema imekwisha, usikate simu. Mazungumzo yangu ya mwisho ya namna hii yalikuwa mafupi:

"Ya Passo hakuna, ami."

"Na ya Boon, M300?"

"Boon ipo moja. Ngoja nikupandie juu."

Ikishateremshwa, hesabu pini za soketi ya koili, pima urefu wa shingo yake, na kwa pampu ya maji tazama idadi ya matundu ya boliti na kimo cha kibao cha puli. Soma pia namba ya boksi: spea za Toyota huandikwa tarakimu tano, kistari, kisha tano nyengine, tano za mwanzo hutaja aina ya kitu, kama 04465 kwa pedi za breki za mbele, na tano za mwisho zikianza na B, hiyo ni ya gari la ukoo wa Daihatsu. Aliyeuziwa pedi za Passo katika boksi lisilo na B hiyo aulize mara ya pili.

Jambo la mwisho ni risiti. Mtake muuzaji aandike namba ya gari uliyomtajia, kama KGC10, na makubaliano ya kurudisha isipoingia, kabla spea haijapakiwa botini. Risiti yangu ya zile shokapu iliandikwa "shokapu 2, Vitz", na kweli ndizo nilizopewa, kwa hivyo sikuwa na la kudai. Ziko bado ndani ya maboksi yake, nyuma ya mlango, na mke wangu amezifanyia kazi ya kuuzuia mlango usipigwe na upepo wa kusi.