Mswala wa kwanza wa ukindu, kuanzia chane 5

Wasichana wanaokuja kwangu Mbagala kujifunza mkeka hufika na hamu ya kusuka. Siku ya kwanza siwapi cha kusuka. Nawapa fungu la ukindu mkavu na kanga iliyolowa, tunakaa barazani tunachana majani kuwa vipande vyembamba, yaani chane, mpaka adhuhuri. Wengine wananuna. Lakini bibi yangu mzaa mama, aliyenifundisha kule Utete, ng'ambo ya mto Rufiji, alikuwa anashika ukili wa mtu, yaani ule utepe uliosukwa kwa chane ambao ndio hushonwa ukawa mkeka, anaupitisha vidoleni bila kuutazama, anasema: "Mjukuu wangu, huyu chane zake hazijalingana." Na kweli. Mkeka unaharibikia kwenye kuchana, kusuka kunakuja kuonyesha tu.

Basi tutengeneze mswala wa mtu mmoja, sentimita 120 kwa 70 hivi. Usianze na mkeka wa kitanda, utauacha njiani.

Ukindu ni majani ya mkindu, ule mti wa jamii ya mtende unaoota kwa vichaka kandokando ya maji. Linalotakiwa ni kuti changa la katikati ambalo bado limejifunga kama mwavuli. Likishafunguka likawa kijani, linakuwa gumu na halikauki likawa jeupe. Kwa kila shina kata kuti moja, acha linalofuata, na usiguse kiini, maana shina lililotolewa kiini limekufa. Funga mkono kitambaa, kwa sababu pale chini majani yanapoanzia kuna miiba mirefu. Kisha anika juani siku 4 au 5, na kila jioni uingize ndani kabla ya umande.

Mjini tunanunua. Mzigo wangu unatoka nyumbani Utete kwa basi. Zamani, kabla ya Daraja la Mkapa la mto Rufiji kufunguliwa mwaka 2003, ulikuwa unasubiri kivuko pale Ndundu, na mara nyingine ulifika umeshaanza kuvu. Ndiyo maana hadi leo mkono wangu unaingia katikati ya fungu kabla sijatoa hela. Nje pakiwa pakavu na ndani pana ubaridi, rudisha. Nusa pia: ukindu mzuri unanukia majani makavu, ulioanza kuvu una harufu ya chumba kilichofungwa muda mrefu. Na muuzaji akikupa milala akakwambia ni kitu kimoja, mkatalie. Milala ni majani ya mkoma, mti mwingine wa jamii ya mtende, ni minene, inafaa majamvi, vikapu na kamba. Ukiisujudia inaacha alama kwenye paji la uso.

Sasa kuchana. Toa uti wa katikati wa jani na kingo zake mbili. Kinachobaki kichane kuwa chane za milimita 5. Bibi alitumia ukucha na jicho lake. Mimi nimechomeka sindano mbili kwenye kipande cha mti laini, zimeachana milimita 5. Naegemeza jani kwenye ncha zake, navuta mara moja, chane inatoka imelingana kutoka shina hadi ncha. Chane iliyopasuka ubavuni weka kando, itafaa kushonea. Kabla ya kusuka zinyunyizie maji na uzifunge kwenye kanga mbichi kwa nusu saa. Zisilowe chapachapa, kwa sababu ukindu uliolowa umevimba, na ukikauka ndani ya ukili unaacha matundu. Suka asubuhi au jioni. Saa saba mchana juani chane zinakatika mkononi kama tambi kavu.

Kwa rangi, chukua chane chache tu, moja kati ya kumi na tatu inatosha kwa mara ya kwanza. Bibi alichemsha mizizi ya mdaa kupata weusi, na kazi hiyo sijaona rangi ya dukani iliyoishinda. Ukitumia rangi ya unga ya dukani, tenga sufuria ambayo hutapikia tena chakula. Maji yakichemka tia rangi na chumvi kijiko kimoja cha mezani, zamisha chane, geuzageuza kwa dakika 20. Halafu suuza. Suuza tena, mpaka maji yatoke meupe, ndipo uanike kivulini. Mwaka mmoja niliharakisha mswala wa zawadi, nikasuuza mara mbili tu. Mzee aliyepewa aliuswalia Ijumaa yenye joto akiwa na kanzu nyeupe, na magoti yote mawili yakatoka mekundu. Hakunilaumu, lakini nilimshonea mwingine, na tangu siku ile kila chane nyekundu naisugua kwanza kwenye kitambaa cheupe chenye maji.

Anza na ukili wa chane 5. Usiudharau, tutauhitaji mwishoni. Funga ncha za chane 5 pamoja kwa uzi, na uzi uufunge kwenye dole gumba la mguu wako, ndipo mikono yote miwili ibaki huru. Zitandaze: tatu kushoto, mbili kulia. Shika ya pembeni kabisa kushoto, ipitishe juu ya jirani yake, chini ya inayofuata, iingie kundi la kulia. Sasa kulia ziko tatu. Shika ya pembeni kabisa kulia, juu ya jirani yake, chini ya inayofuata, iingie kushoto. Ndiyo hiyo, unarudia. Kila baada ya mizunguko michache zikaze zote kwa pembe, kulia na kushoto, mpaka usione mwanga katikati. Suka kama pima 2, yaani mara mbili ya upana wa mikono yako ukiinyoosha.

Utaona chane zinakwisha. Mpya unailaza juu ya ile inayokwisha, unazisuka pamoja kama chane moja kwa mapito manne, kisha ya zamani unaiacha nyuma. Mpya ianze kwa upande wake wa shina, mnene, juu ya ncha nyembamba ya ya zamani, unene usibadilike. Na tangu mwanzo zikate ziwe na urefu tofauti. Zikiwa sawa zote zitakwisha mahali pamoja, hapo ukili unakuwa na nundu, na mshono utaikuta.

Ukiwa mkono umezoea, panda hadi chane 9, halafu 13. Nafundisha 5, 9, 13, kwa kuongeza nne nne, kwa sababu katika hesabu hizo pande zote mbili zinakwenda sawa: unaanza juu, unamaliza chini. Ukichukua 7 au 11, kushoto kukianza juu, kulia lazima kuanze chini, na anayejifunza anapotea. Kwa 13, gawa saba kushoto na sita kulia. Ya pembeni inapita juu, chini, juu, chini, juu, chini, inaingia ng'ambo. Chane moja kati yao iwe ya rangi. Itakwenda yenyewe ukingo hadi ukingo, ikirudi, ikichora pembe kwenye ukili wote.

Ukili huu utakuwa na upana wa kama sentimita 4 na nusu. Kata kijiti cha urefu huo, ukipimie kila baada ya shibiri. Jambo hili linauma hasa kwenye oda kubwa. Vijijini kwetu kina mama wanasuka ukili kila mmoja kwake, wanauza kwa pima, na mwingine anashona. Niliwahi kupokea ukili wa watu sita kwa oda ya duka moja, kila mmoja na upana wake, na mikeka ikatoka imejikunja kama maji ya mawimbi. Nilifumua minane. Siku hizi kila anayenisukia nampa kijiti chake, vyote vimekatwa kwa kipimo kimoja.

Kwa mswala wetu unahitaji ukili wa pima 12. Utakatwa vipande 16 vya sentimita 130. Lakini kabla ya kukata popote, shona mistari miwili ya uzi kuvuka ukili, karibukaribu, ndipo ukate katikati ya mistari hiyo. Ukikata bila kushona, kazi ya wiki nzima inafumuka mbele ya macho yako.

Laza vipande viwili ubavu kwa ubavu, sogeza cha pili juu au chini mpaka pembe ya rangi ya huku iguse pembe ya rangi ya kule. Zikigusana zinazaa almasi, zikikosana mswala mzima unaonekana umechorwa na mtu aliyesinzia. Chukua shazia, ile sindano nene ya magunia, na chane nyembamba iliyolowa. Ingiza chini ya mkunjo mmoja wa ukingo wa huku, toka, ingiza chini ya mkunjo unaoukabili wa kule, vuta. Usiruke mkunjo hata mmoja. Vuta mpaka kingo zikutane, usivute zikapandana. Ukimaliza mshono, pitisha kidole gumba juu yake ukiwa umefumba macho. Kidole kikikwama, fumua kuanzia hapo.

Vipande 16 vikishaungana, pande mbili ndefu zina kingo zake tayari. Zilizobaki ni ncha mbili zilizokatwa. Zikunje nyuma sentimita 5, uzishone chini. Sasa chukua ule ukili wako wa chane 5. Mwanzo wake uliokosewa ukate, baada ya kushona mistari miwili kama tulivyofanya. Uliobaki uweke juu ya kila ncha, mbele na nyuma, kama pindo, ushone ukikamata pande zote mbili kwa pamoja.

Geuza mswala, punguza masalio ya chane nyuma kwa wembe, yabaki nusu sentimita, maana ukiyakata pale pale yanachomoka. Nyunyiza maji kidogo, uviringishe, uulaze chini ya godoro usiku mmoja. Asubuhi uanike kivulini mpaka ukauke kabisa, na kuanzia hapo uuhifadhi kwa kuuviringisha, rangi ikiwa ndani, bila kuukunja.