Somo: Kuchora kibao kwa njia ya mahekalu ya Mogao

Karibu na Dunhuang, kaskazini-magharibi mwa China, yapo mahekalu ya Mogao, mapango 492 yenye picha za Kibuddha zilizochorwa kati ya karne ya 4 na ya 14. Ukijumlisha kuta zake unapata takriban mita za mraba 45,000. Wengi husifu rangi. Mimi nawaomba tuanze na tope, maana ndilo lililobeba rangi hizo miaka yote.

Hatua ya 1: Tope zito
Kwaruza ubao wa sentimita 30 kwa 30 ili tope lishike. Kanda udongo, mchanga na majani makavu yaliyokatwakatwa, kisha siriba kwa unene wa sentimita 2. Ukaushe kivulini, ukiuanika juani utapasuka.

Hatua ya 2: Tope laini
Hapa ndipo kazi yote inaposimama au kuanguka. Chekecha udongo mpaka uwe unga, ongeza mchanga laini na nyuzi za mmea. Katani iliyochambuliwa vizuri inafaa sana. Lowanisha tope la kwanza, pakaza jembamba, kisha lainisha kwa mwiko. Nyufa zikitokea, bandua urudie, hata kama umechoka.

Hatua ya 3: Weupe
Paka udongo mweupe uliochanganywa na gundi hafifu ya ngozi.

Hatua ya 4: Mistari
Kwenye kuta za Mabuddha elfu, wale wadogo waliopangwa safu kwa safu, wachoraji walipiga mistari ya ngeu (udongo mwekundu) kwa uzi ili kugawa nafasi. Kwa umbo la kurudiwa, toboa karatasi kufuata mchoro, iweke ukutani, kisha pigapiga juu yake kifuko cha unga mwekundu. Vitone vinavyobaki ndivyo utakavyoviunganisha. Karatasi za namna hii zilikutwa katika pango namba 17, lililofunguliwa mwaka 1900 likiwa limejaa nyaraka.

Hatua ya 5: Rangi
Saga mawe ya rangi, changanya na gundi ya ngozi yenye uvuguvugu. Baadhi ya buluu ya Mogao ilitoka Badakhshan, Afghanistan! Malizia kwa mistari ya wino.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, si vizuri kupaka plasta ikiwa mbichi kama Waitalia?
Hapana, ndugu yangu. Kule rangi hushikwa na chokaa inapokauka. Hapa hakuna chokaa ya kuishika, inashikwa na gundi, kwa hiyo tope likauke kabisa kwanza.

Mbona picha nyingi zina nyuso nyeusi?
Nyingi hazikuwa hivyo. Wachoraji walichanganya nyekundu ya madini ya risasi na nyeupe kupata waridi la ngozi, na risasi ikageuka kahawia hadi nyeusi. Usiitumie hiyo, ni sumu. Tumia ngeu, haibadiliki.

Kibao changu kimetoa unga mweupe na rangi inabanduka. Naishi pwani.
Pole, dada. Hiyo ni chumvi. Mogao inaugua ugonjwa huohuo: chumvi ya mwamba na plasta hunyonya unyevu wa hewa, ikikauka inasukuma rangi nje. Pango namba 85 liliwachukua wahifadhi miaka mingi kwa sababu hiyo. Koroga udongo wako ndani ya maji mengi, uache utuame, mwaga maji ya juu. Rudia mara kadhaa, kisha anza upya hatua ya 1. Ukibandika rangi mpya juu ya tope hilohilo, itabanduka tena.